Uzi unanikata kidole na cheni inakaza kama kamba, nishikeje jamani?

MamaPacha_Mza

Habari za usiku wapendwa. Naombeni msaada kwenye kushika uzi maana hapa nilipofika nimekwama kabisa. Hii ni wiki ya tatu toka nianze kujifunza kroshia, najifunzia kwenye simu watoto wakishalala, sindano yangu ni ya alumini namba 4 na uzi ni huu wa kawaida wa sweta, mweusi, nilinunua sokoni. Mdogo wangu anatarajia mtoto wake wa kwanza na nimeshamuahidi kofia ya kutokea hospitali, kwahiyo nataka niijue kweli hii kazi.

Shida yangu ni hii: cheni ya mwanzo, ile safu ya vitanzi ya kuanzia kazi, inakaza mpaka mstari wa pili sindano haiingii, inabidi nichokonoe na ncha, na inalia kwii kwii kwenye uzi. Nikisema leo nalegeza, vitanzi vinakuwa mapengo, kidole kinapita. Uzi nimeuzungusha kidole cha shahada mara tatu kwa sababu nikizungusha mara moja unateleza wote, sasa kidole kina mfereji mwekundu na usiku kinawaka moto. Juzi nimefuma kipande cha mistari kumi, chini kimejikunja, juu kimetanuka kama sketi. Kwenye video yule dada uzi unapita tu kwenye vidole vyake kama maji. Hii ni mazoezi tu au kuna namna ya kushika ambayo sijaambiwa?

BiMkubwa_Tanga

Pole mwanangu. Hizo raundi tatu zitoe leo leo kabla hujaharibu kidole. Kidole cha shahada hakishiki uzi, kazi yake ni kuuinua tu ili sindano iudake. Anayeshika ni kidole cha mwisho.

Fanya hivi taratibu. Mkono wa kushoto, kiganja kikutazame. Uzi unaotoka kwenye donge upitishe katikati ya kidole cha mwisho na cha pete, uzungushe kidole cha mwisho mara moja tu, halafu upite chini ya cha pete na cha kati, utokeze juu ya kidole cha shahada. Gumba na cha kati vinabana kile ulichokwisha kufuma, hapo hapo chini ya sindano, na kila baada ya vitanzi viwili vitatu unavisogeza juu, usiache mkono nyuma huku kazi inakwenda, maana ukiacha mbali uzi lazima ulegee na wewe utaanza kuukaza kwa hasira. Ukitaka uzi usimame unakunja kidole cha mwisho, ukitaka upite unakilegeza kidogo. Ni kama breki ya baiskeli, hushiki breki safari nzima.

La pili, na hili ndilo wengi hawaambiwi. Ukubwa wa kitanzi si wa kukisia na mkono, unapimwa na sindano. Iangalie hiyo namba 4 yako: kuna kichwa chenye ndoano, chini yake shingo nyembamba, halafu mwili wa duara ulionenepa. Hiyo namba 4 ni milimita 4 za ule mwili, siyo za shingo. Sasa wewe unafunga kitanzi kikiwa bado shingoni, kinatoka kidogo, mara ya pili hata kichwa hakipiti. Kila kitanzi kisukume kifike kwenye mwili, kiuguse bila kuubana, uweze kukisogeza kwa kidole kimoja, ndipo uendelee.

Mimi vitambaa vya makochi nafuma toka 1989, alinifundisha mama mkwe barazani kwake. Siku nne nzima nilifuma cheni peke yake, inatoka mlangoni inafika uani, jioni anaifumua mwenyewe anazungusha donge upya kesho tunaanza tena. Nilichoka lakini siku ya tano mkono ulikuwa umeshajua wenyewe. Fuma cheni ya vitanzi mia, ilaze mezani uitazame kama vinafanana, fumua, rudia.

NyuziNakuru

Sasa dada, mambo ya Bi Mkubwa fuata hivyo hivyo. Mimi niongeze tu kuhusu hicho kipande chako, kwa sababu naona hapo kuna shida mbili zimechanganyika.

Kujikunja chini ni cheni kukaza, karibu kila mtu akianza cheni yake huwa imekaza kuliko mistari inayofuata. Dawa yake ni rahisi: cheni ya kwanza fuma na sindano kubwa kidogo, tuseme namba 5, ukimaliza cheni unarudi kwa namba 4 yako. Hata mimi niko na miaka sita kwa hii kazi na bado nafanya hivyo.

Lakini kutanuka juu hiyo sio mkono, hiyo ni hesabu. Hesabu vitanzi vya mstari wa mwisho. Kama ulianza na 20 na juu vimekuwa 22 au 23, unadunga mahali pamoja mara mbili pale pembeni bila kujua. Na kwa uzi mweusi, usiku, kwa mwanga wa simu, utaonaje mahali unadunga? Weka huo mweusi kando, tafuta rangi nyepesi, ya maziwa ama njano, uzi laini usio na manyoya. Mweusi utarudia baadaye.

Halafu angalia hizo video ni za wapi, maana majina ya mishono yanatofautiana. Singo ya Marekani Waingereza wanaiita dabo, na dabo ya Marekani kwa Uingereza ni trebo. Nilifuma blanketi nusu nikishangaa mbona inatoka ndefu hivyo na mkono wangu ulikuwa sawa kabisa.

Mbagala_Kroshia

Donge lako unaliweka wapi? Nauliza kwa sababu mimi nilihangaika na vidole miezi kumbe donge lilikuwa chini ya kochi, kila nikivuta linakwama kwenye mguu wa kochi, linaachia, linakwama, kwahiyo kitanzi kimoja kinakaza kinachofuata kinalegea. Weka kwenye bakuli au kikapu karibu na paja, na kila baada ya muda vuta mapema urefu kama wa mkono ulegee kabisa ndo ufume. Vidole vikaze uzi, donge lisikusaidie kukaza.

Na joto nalo. Huku Dar mchana mkono ukitoka jasho uzi wa akriliki unanata kwenye ngozi, unadhani umebana kumbe ni jasho. Nawa, kausha, paka poda kidogo sana. Hiyo kwii kwii itapungua.

Mashoto254

Na sisi wa mkono wa kushoto?

BiMkubwa_Tanga

Geuza yote mwanangu, uzi unashikwa kulia. Kaa uso kwa uso na anayefuma kwa mkono wa kulia, utamwona kama kwenye kioo. Kama ni video igeuze hivyo hivyo, kushoto kuwe kulia.

MamaPacha_Mza

Shikamoo Bi Mkubwa, na wengine wote asanteni sana. Nimekaa nayo siku tatu. Nilihesabu, kweli, juu vilikuwa 23, nilikuwa nadunga cha mwisho mara mbili. Nimenunua uzi wa njano na sindano namba 5, donge liko kwenye sufuria. Siku ya kwanza kidole cha mwisho kilikuwa kinasahau kabisa, uzi unakimbia wote, nikakaribia kurudi kwenye raundi zangu tatu. Jana ndo nikasikia kitanzi kinateleza kwenye ule mwili wa sindano bila kulia, nikafuma cheni mia mara mbili sijachokonoa hata kimoja. Mfereji kwenye kidole umeanza kufutika.

Sasa kofia, nianze na vitanzi vingapi?

BiMkubwa_Tanga

Marahaba mwanangu, umenifurahisha sana. Idadi yangu haitakufaa, mkono wangu si wako. Fuma kipande cha mraba sentimita 13 kwa uzi huo huo na sindano hiyo hiyo, kilaze bila kukivuta, weka rula katikati uhesabu vitanzi vya sentimita 10, pembeni usihesabu maana panadanganya. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu sentimita 35 kuzunguka. Ukipata 16 kwenye sentimita 10, sentimita 35 ni vitanzi 56, na hapo punguza vinne vitano ili kofia ishike kichwa isimwangukie machoni. Ukishahesabu niandikie hapa umepata ngapi.