Probox, Njombe: kipupwe oili nyepesi, joto oili nzito?

MamaParachichi: Wakuu, shikamooni mnaostahili. Nina Probox ya injini ya 1NZ, imetembea kilomita 186,000. Naishi Njombe mjini, mara mbili kwa mwezi nashusha parachichi Dar. Fundi wangu kanipangia: Juni hadi Agosti 5W-30, joto likianza nirudi 20W-50, eti oili nyepesi ikifika Dar inageuka maji. Mwaka huu kipupwe kimenikuta na 20W-50 ndani. Asubuhi nikiwasha inagonga tak-tak-tak kama cherehani bovu, sekunde tano sita, halafu kimya. Kitabu cha gari ni cha Kijapani, sisomi kitu, ila 5W-30 nimeiona. Nifuate majira au nibaki na moja? Kumwaga oili ambayo bado mpya kisa baridi kunaniuma.

Spana_17: Dada, marahaba. Namba yenye W ni ya baridi: 5W hupimwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, 20W kwenye 15 chini ya sifuri. Njombe hata umande ukiganda kwenye majani hufiki huko. Kubadilisha kwa majira waachie watu wa Kanada. Namba ya nyuma hupimwa kwenye nyuzi 100, karibu na joto la oili injini ikishachemka, na hapo Njombe na Ubungo kule Dar hazitofautiani sana, maana themostati, ile valvu ya maji ya kupoza injini, inayashikilia kwenye nyuzi 80 na kitu. Huko kugonga ni oili nzito kuchelewa kupanda juu. Na VVT-i, mfumo unaobadili muda wa valvu kufunguka, inaendeshwa na presha ya oili hiyohiyo, kwenye vitundu vyembamba. Weka 5W-30 mwaka mzima. Inakula oili?

DerevaWaKitonga: Napinga kidogo. Yangu ringi za pistoni zimechoka, 5W-30 ilikuwa inaisha njiani na moshi juu. Kwa 20W-50 imetulia. Na mlima Kitonga ukipandisha na mzigo, oili inapata joto haswa. Injini mzee usiifananishe na mpya.

MamaParachichi: Hailambi hata tone, kijiti kinasoma palepale hadi sevisi. Ila hiyo themostati imenishtua. Hita ya gari hii haijawahi kutoa joto tangu mwaka juzi. Nilijua mbovu, nasafiri nimejifunga khanga miguuni.

Spana_17: Aah. Fundi wako kaing'oa themostati huyo! Wengi huitoa wakiogopa gari kuchemsha. Injini haifiki joto lake, oili inabaki nzito safari nzima, na unyevu haukauki. Fungua kifuniko cha oili utazame chini yake.

MamaParachichi: Nimefungua. Kuna uji, rangi ya chai ya maziwa.

DerevaWaKitonga: Kabla hujashangilia, angalia maji ya rejeta. Yakiwa yanapungua, hiyo ni gasketi ya hedi inayopitisha maji kwenye oili, habari nyingine kabisa. Na kijiti nacho kikague, kisiwe na uji.

MamaParachichi: Maji yamejaa, sijaongeza tangu Pasaka. Kijiti kisafi. Nimempigia fundi, kakiri aliitoa "kukusaidia mama, ulikuwa unapanda milima". Jumamosi anaifunga mpya kwa pesa yake, na 20W-50 naitoa hapohapo uani kwake. Kaka wa Kitonga, limebaki dumu la 20W-50 la lita mbili, lakiri haijakatwa. Ukipita Makambako nistue, nakuuzia.