UKOO WA BI ZUHURA: Idi pili Lighthouse

Rukia: Assalaam alaykum nyote. Idi pili twaenda Lighthouse, pale Mama Ngina Waterfront Mombasa, tangu pazinduliwe upya siku ya Mashujaa 2019 hatujawahi kwenda pamoja kama ukoo. Mia tano kila mtu mzima, M-Pesa kwangu kabla ya Alhamisi. Mpaka sasa nimeona wawili tu

Rukia: Mwasoma mwanyamaza, tiki za buluu naziona

Ami Hafidh: Watoto wasisogee kule kwa magofu, wapenda kupanda na chini ni mwamba na bahari

Nasra: Ami ile ni Fort St Joseph, tulifundishwa Wareno waliijenga ilinde mlango wa kuingilia meli nayo Fort Jesus ikae kwa bandari ya kale, lakini Waomani wakaichukua Fort Jesus 1698

Swaleh: Mreno ngome mbili na bado akatolewa, sisi tuna sufuria moja ya pilau na hatujui iko wapi 😂😂

Khadija: Naona nasemwa mimi. Ile sufuria niliirudisha na tuktuk siku ya pili ya harusi nikampa mtu mlangoni, muulizeni alopokea

Swaleh: Alopokea hana jina?

Rukia: Si sasa!! Nani ataenda mapema kutandika mkeka, saa nne ikifika kivuli cha mibuyu chote kishachukuliwa mtakaa juani na wazee

Swaleh: Atumwe alopokea sufuria 😂

Fatma: 😂😂😂

Babu Athmani: Wanangu mimi sitakuja. Pale chini ya mbuyu wa upande wa feri Zuhura aliuza mihogo, akiipasua akitia pilipili na ndimu kwa mkono wake, na karo zenu zikatoka hapo. Wakati wa kupatengeneza meza yake ikaondoshwa akaambiwa atapewa pahala. Amekufa hajapewa. Nyinyi nendeni, pazuri kweli. Mimi mniache nyumbani.

Ami Hafidh: Allah amrehemu

Fatma: Amin

Fatma: Babu hatukuwa tumekusudia vibaya

Rukia: Baba kesho baada ya laasiri ntakuja tuzungumze inshallah

Mama Nasra: Jamani sikuwa na bando tangu asubuhi, mwasema mihogo ni ya nani? Nilete na achari?

Rukia: Mama Nasra soma juu

Rukia: Basi pesa tumeni tu, pahala tutaambiana. Kama si Lighthouse labda uwanja wa Makadara

Ami Hafidh: Makadara siku ya Idi na mapembea yale na kelele zile? Mimi goti hili

Khadija: Na sufuria ntanunua mpya ili mpumue

Babu Athmani: Usinunue. Ile ilikuwa yake.

Rukia: Khadija nipigie

Swaleh: Nimetuma mia tatu, baki baada ya Idi

Rukia: Swaleh baada ya Idi ya nini sasa!!

Mama Nasra: Kwa hivyo mkeka niutoe au nisiutoe