Tupeane uzoefu: kompyuta ya zamani inapogoma kufungua tovuti

Kijana wa Ngarenaro: Wakuu, nimepita steshenari moja Kilombero, dada anagombana na mashine: pembetatu nyekundu, "muunganisho wako si wa faragha". Nimekumbuka mbali. Yamewakuta? Mwageni hapa.

Mama Kopi, Majengo Moshi: Mdogo wangu, hiyo pembetatu naijua. Siku ya mwisho ya kuomba mkopo wa chuo, foleni hadi barabarani, wazazi wametoka Rombo alfajiri na vyeti kwenye bahasha za kaki. Umeme ukakatika. Uliporudi, kila tovuti inagoma. Kijana mmoja akaanza kulia, mzee mmoja anadai hela yake. Fundi akaitwa, akasema virusi, anataka elfu thelathini apige windo upya. Binti wa sekondari aliyekuwa anasubiri kopi akachungulia kona ya chini: "Shikamoo mama, mbona mashine yako iko 2009?" Kumbe betri ya kwenye ubao, ile CR2032 ya mviringo, imekufa, umeme ukienda na tarehe inaenda. Cheti cha tovuti, yaani kitambulisho chake kinachoonyesha kuwa ni yenyewe, kina siku ya kuanza na ya kwisha. Kwa mashine iliyo 2009, hicho cheti bado hakijaanza. Tukaweka tarehe, zikafunguka. Fundi aliondoka bila kuaga.

Mangi Mstaafu: Hahaha, hao wako kila mtaa.

Fundi Sakina: Msituseme wote. Tarehe ni jambo dogo, shida ni Windows 7 mnayoing'ang'ania. Microsoft waliiacha Januari 2020, toleo la mwisho la kivinjari cha Chrome kwake ni 109. Wekeni Windows 10.

Mangi Mstaafu: Nayo si wameiacha Oktoba 2025? Halafu RAM yangu ni GB 1, niiweke wapi, kichwani?

Fundi Sakina: Uza, mzee wangu.

Mangi Mstaafu: Njoo ununue.

Dereva wa Njiro: Mimi ilikuwa Mac kuukuu ya ofisi ya safari, mfumo wake OS X 10.11. Mwisho wa Septemba 2021 tovuti chungu nzima zikagoma ghafla, na tarehe iko sawa kabisa. Cheti cha mzizi, kile kinachothibitisha vyeti vingine, kilichotumiwa na Let's Encrypt, watoaji wa vyeti vya tovuti, kinaitwa DST Root CA X3, kiliisha tarehe 30, na Mac hiyo haikukijua kipya. Kivinjari cha Firefox kikafungua bila shida, maana kinabeba vyeti vyake chenyewe.

Kijana wa Ngarenaro: Hii sikuijua.

Chalii wa R: Mnajisumbua. Bonyeza "endelea" uingie, mimi ndiyo zangu.

Mama Kopi, Majengo Moshi: Hata kwenye benki?

Chalii wa R: Hela si ipo?

Fundi Sakina: Kwa sasa. Mwizi anayejipenyeza kati yako na tovuti akakusomea nywila hana haraka.

Mangi Mstaafu: Mama Kopi, yule aliyelia aliwahi?

Mama Kopi, Majengo Moshi: Aliwahi. Mzee wa hela naye akang'ang'ania arudishiwe chenji.

Kijana wa Ngarenaro: Hiyo betri Arusha napata wapi?

Dereva wa Njiro: Kwa mafundi saa.