Moksa ya fimbo, moksa ya kijikeki au sindano yenye umeme: kwa panya wa IBS ipi ina hoja zaidi?

Fiziolojia_Mpya
Wakuu, habari za jioni. Nina semina ya idara kuhusu tiba ya Kichina ya joto kwa IBS (utumbo unaouma na kusumbua choo bila kidonda kuonekana), upande wa majaribio ya wanyama tu. Makala nyingi nilizosoma zinatoka Shanghai, na njia zinazojirudia ni tatu. Kuna moksa ya fimbo: majani ya pakanga ya Kichina yaliyosokotwa kama sigara nene, yanawashwa na kushikiliwa sentimita 2 au 3 juu ya ngozi. Kuna moksa ya kijikeki, ambapo dawa za mitishamba zilizosagwa huwekwa bapa juu ya ngozi na moksa inaungulia juu yake. Tatu ni sindano yenye umeme, yaani sindano nyembamba zinazochomwa mwilini na kupitishiwa umeme kidogo, ambayo si joto ila haikosi kuwekwa pembeni kama mshindani. Pointi, yaani sehemu za mwili zinazotibiwa, ni zilezile: Tianshu kando ya kitovu, Shangjuxu chini ya goti. Zote zinadai kupunguza maumivu ya utumbo. Mngeweka ipi iwe mhimili wa semina?

NdaniYaMaabara
Mkuu, kabla ya kuuliza tiba ipi, uliza panya yupi. Panya haugui IBS; anafanywa awe na kitu kinachofanana nayo, na namna alivyofanywa inabadilisha jibu lako.

Makala nyingi za aina hiyo zinafuata njia ya Al-Chaer na wenzake ya mwaka 2000. Vitoto vya panya huingizwa kiputo kwenye utumbo mpana na kupanuliwa, kati ya siku ya 8 na ya 21 tangu kuzaliwa, halafu vinaachwa vikue. Wakishakomaa, utumbo ukitazamwa kwa hadubini hauna kidonda, lakini ukiupanua kidogo tu wanaumia kupita kiasi. Maumivu bila jeraha la kuonekana, kama mgonjwa wetu yule anayerudishwa nyumbani na vipimo safi.

Njia nyingine ni TNBS, kemikali inayochoma utumbo kwanza kisha unasubiri upone. Huyo anamkaribia zaidi mtu aliyeanza IBS baada ya kuhara kwa maambukizi. Halafu kuna panya wa msongo: anatengwa na mama yake saa 3 kila siku akiwa mchanga, au anawekwa juu ya kijukwaa kilichozungukwa na maji. Ukichukua moksa kwa panya wa kiputo na sindano kwa panya wa TNBS ukaviweka kwenye jedwali moja, hujalinganisha tiba, umelinganisha panya.

Fiziolojia_Mpya
Nimekusoma. Na kipimo chenyewe cha maumivu, zile alama za 0 hadi 4 ambazo makala hizo humpa panya?

NdaniYaMaabara
Kiputo kinajazwa kwa presha ya 20, 40, 60 na 80 mmHg, mtu anamtazama panya. 0 hajashtuka, 1 anatikisa kichwa kidogo kisha anatulia, 2 anakaza misuli ya tumbo, 3 anainua tumbo, 4 anapinda mwili na kunyanyua nyonga. Ni jicho la mtu hilo. Kama mtazamaji anajua panya yupi kapata moksa, mimi hiyo makala naiweka chini.

Sindano_na_Moksa
Nilisomea Guangzhou, nami nitetee fani kidogo. Kwa mgonjwa mtu mzima kijikeki naona kizuri, joto linapenya taratibu. Kwa panya ni kazi: lazima umnyoe manyoya, umlaze chali, na akijitikisa kila kitu kinaanguka. Fimbo ni rahisi zaidi. Sindano yenye umeme inazishinda zote kwa jambo moja, unaweza kuandika dozi: hertz ngapi, miliampea ngapi, dakika ngapi. Moksa haina kitufe.

Bi_Shaka
Hapo hapo, daktari. Huyo panya umemlazaje chali? Umembana. Na kumbana panya ni mojawapo ya njia zinazotumika maabara *kumletea* utumbo wa msongo! Kwa hiyo kundi la ulinganisho lazima nalo libanwe, linyolewe, na livutishwe moshi uleule. Kisha ningetaka kundi la joto tupu bila pakanga, kwenye pointi zilezile, na lingine la moksa mahali pasipo pointi. Bila hayo hujui kilichosaidia ni jani, joto, mahali au moshi. Kwa upande wa binadamu, mapitio ya 2012 ya Cochrane, mtandao unaojumlisha tafiti za tiba, yalikuta sindano haikuizidi sindano bandia kwa IBS. Panya wote wanapona, watu hawaponi. Hilo linanitia wasiwasi.

Nesi_wa_Pwani
Dada Shaka, joto tupu lisidharauliwe. Kipokezi cha TRPV1 kwenye neva huamka karibu na nyuzi 43, na makala za moksa zinamtaja sana P2X3, kipokezi cha maumivu kwenye neva zinazotoka utumboni. Huenda chupa ya maji moto inapita njia hiyohiyo. Ila mkisoma kuhusu serotonini, kemikali ya mwili inayopeleka ujumbe utumboni, msishangilie mapema. Dawa ya IBS iitwayo alosetron inafunga mlango mmoja wa serotonini utumboni. Iliidhinishwa Marekani 2000, ikaondolewa mwaka huohuo kwa sababu ya utumbo kukosa damu, ikarudi 2002 kwa masharti makali.

Mti_Shamba
Pakanga hii na ile ya malaria ni ndugu tu. Ya moksa ni *Artemisia argyi*, ya artemisinini, dawa ya malaria aliyoigundua mwanasayansi Tu Youyou, ni *Artemisia annua*. Mtu asije akachoma ile ya shambani kwake akadhani ndiyo hiyo. Wala moksa si chuku, hakuna kuumika damu hapa.

Fiziolojia_Mpya
Ahsanteni wote. Basi nachukua panya wa kiputo peke yake, fimbo dhidi ya sindano yenye umeme, na kijikeki nakitaja kwa aya moja.

Bi_Shaka
Ongeza safu moja kwenye jedwali: panya alikuwa macho au kwenye nusukaputi wakati wa tiba. Na nyingine: joto la ngozi lilipimwa au lilikisiwa.

NdaniYaMaabara
Hiyo safu ya pili, mkuu, jiandae kuandika "haikutajwa" mara nyingi.