Injini ya dizeli ya mashua inazima baada ya dakika 20, kisha inawaka tena

Kijana wa Mikindani

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za kazi. Nina mashua ya mbao ya kuvulia hapa Mikindani, yenye injini ya dizeli ya silinda mbili inayopozwa kwa maji ya bahari, na kwa wiki tatu sasa imenishinda. Alfajiri inawaka vizuri na kututoa mpaka nje ya mlango wa ghuba, kisha baada ya dakika 20 hivi mlio wake unaanza kupanda na kushuka, nguvu inapungua na injini inazima yenyewe. Tukitia nanga tukasubiri kama robo saa, inawaka kana kwamba haikuwa na lolote, na baada ya muda mfupi mambo yanakuwa yale yale.

Haitoi moshi mweusi, maji ya kupozea yanatoka nyuma kama kawaida, na oili iko kwenye alama. Nimebadilisha filta ya dizeli na kutoa hewa kwenye mabomba ya dizeli mara mbili. Fundi mmoja anataka kuishusha pampu ya dizeli pamoja na nozeli zote mbili, zile zinazonyunyizia dizeli kwenye silinda, akazipime, na bei aliyonitajia ni mapato yangu ya bamvua mbili. Kabla sijamkubalia, naomba kujua kama kuna jambo ninaloweza kulikagua mwenyewe, kwa kuwa spana ninazo.

Nahodha wa Kitunda

Mimi navusha watu kati ya Lindi mjini na Kitunda. Injini yangu ilipopungukiwa nguvu, ubaya ulikuwa kwenye nozeli, na zilipobadilishwa ikapona. Mpe fundi afanye kazi yake, ndugu yangu, kwani upepo wa kusi ukikukuta umezimikiwa karibu na mwamba hutaikumbuka hiyo bei.

Fundi Mstaafu, Kilwa Kivinje

Marahaba, mwanangu. Nahodha wa Kitunda anasema kweli kuhusu mwamba, lakini kuhusu nozeli sikubaliani naye. Nozeli mbovu haikuachi ukatembea dakika 20 kwa raha na kisha ikapona kwa kupumzishwa. Kwa kawaida huonekana mapema, ama kwa moshi mweusi injini inapobeba mzigo, ama kwa ugumu wa kuwaka, ama kwa silinda moja kugonga. Injini inayopanda na kushuka kisha ikazima taratibu inakosa dizeli, na ikiwaka baada ya kupumzika maana yake kile kilichoizuia dizeli kimelegea wakati mmekaa. Kwa hiyo acha pampu ilivyo, uanze kutafuta kwenye tanki.

Kwanza chukua dumu safi la lita 5, ulitie dizeli uliyoichuja, ulifunge mahali palipo juu kuliko injini. Fungua mpira unaotoka kwenye tanki, na badala yake unganisha mpira mwingine unaofika chini kabisa ya dumu. Usisahau bomba dogo la kurudishia dizeli kutoka kwenye nozeli: nalo liingize kwenye dumu, la sivyo utamwaga dizeli ndani ya mashua. Toa hewa, kisha endesha ukiwa umefungwa gatini, huku gia imeingia ili injini ibebe mzigo, kwa muda wa saa moja. Ikizima, tutazungumza habari za pampu. Isipozima, pampu na nozeli hazina kosa, na ubaya uko katika kile ulichokiruka, yaani tanki, mpira wake au viungo vyake.

Ikiwa ni huko, mimi ningeanza na kitundu cha kupumulia cha tanki. Watu wengi hawajui hata kama kipo. Dizeli inapotoka, hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake, na kitundu kikiziba, tanki hujivuta ndani mpaka pampu ndogo ya kuvutia inashindwa. Mkikaa robo saa, hewa hupenya kidogo kidogo pembeni mwa mfuniko, na injini inawaka tena. Siku itakapoanza kusumbua, fungua mfuniko wa tanki papo hapo. Ukisikia unavuta pumzi na injini ikapata nguvu, umeshapata jibu bila kumlipa mtu.

Kisha kagua mpira wenyewe. Mpira wa zamani unaweza kuchubuka kwa ndani, na ngozi yake ikajifunga kama mlango wakati dizeli inavutwa, ingawa kwa nje unauona mzima. Klipu zilizolegea upande wa kuvutia ni ngumu zaidi kuzigundua, kwa sababu hazivujishi dizeli nje bali huingiza hewa ndani. Ukiunganisha kipande kifupi cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya filta, utaziona povu zikipita. Hicho ni cha majaribio tu, ukimaliza kiondoe.

Mama wa Boti, Shangani

Mwanangu, naongeza jambo moja ambalo fundi hakuligusa, maana umesema umetoa hewa mara mbili. Kama pampu ya maji ya bahari inaendeshwa na injini na maji yake yanatokea kwenye bomba la moshi, funga koki ya maji unapozungusha injini kwa muda mrefu bila kuwaka. Pampu huendelea kusukuma maji, lakini hakuna moshi wa kuyatoa nje, kwa hiyo yanajaa kwenye bomba mpaka yanarudi ndani ya silinda. Niliwahi kupoteza injini nzima kwa kosa hilo, na fundi aliyekuwa akizungusha alinilaumu mimi. Ikishawaka tu, fungua koki mara moja, kwani panga za mpira zilizo ndani ya pampu hazivumilii kuzunguka kavu.

Na unapolegeza nati za nozeli ili kutoa hewa, usiweke kiganja mbele ya dizeli inayoruka. Mgandamizo wake unatosha kupenya ngozi, na jeraha la namna hiyo ni la kupeleka hospitali siku hiyo hiyo hata kama tundu ni dogo kama la sindano.

Kijana wa Mikindani

Nashukuru sana. Nilifanya jaribio la dumu jana, na injini ilikwenda saa moja na robo bila kuyumba. Nikarudisha mpira wa tanki, na baada ya dakika 25 mlio ukaanza kupanda na kushuka. Nilipofungua mfuniko, tanki lilivuta pumzi hata kaka yangu aliyekuwa kwenye tezi akasikia. Bomba la kupumulia lilikuwa limejengewa udongo na nyigu, mgumu kama saruji. Nimelizibua kwa waya na kufunga kitambaa cha wavu mdomoni.

Hata hivyo, nilipofungua koki ya chini ya tanki nilipata karibu nusu lita ya maji, pamoja na utelezi mweusi. Je, niendelee na safari?

Fundi Mstaafu, Kilwa Kivinje

Usiende bado. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo yanakaa chini, na ule utelezi ni vijidudu vinavyoota pale maji na dizeli vinapokutana. Mashua ikianza kurukaruka kwenye mawimbi vitapanda vyote mpaka kwenye filta. Toa dizeli yote, ushushe tanki, ulisugue na kulikausha kabisa, kisha badilisha filta zote mbili. Dizeli uliyoitoa iache kwenye madumu siku mbili bila kuyatikisa, utumie ile ya juu iliyo safi tu. Baada ya hapo jaza tanki kila jioni mnaporudi, kwa sababu tanki lililo nusu tupu hutoa jasho usiku. Na kabla ya kuwasha, chomoa kijiti cha oili uiangalie rangi. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia humo, niandikie kwanza.

Kijana wa Mikindani

Oili ni nyeusi ya kawaida, mzee. Tanki nalishusha kesho maji ya bahari yakipwa.