ITO, FTO au AZO: muundo wa fuwele unapunguza ukinzani kiasi gani?

Kioo_Likoni
Salaam jamaa. Twahitaji vioo vinavyopitisha umeme kwa seli za jua za mafunzo, vipande vya sm 2.5 kwa 2.5, visizidi omu 15 kwa mraba. Twachagua utando wa juu: ITO (oksidi ya indiamu yenye bati), FTO (oksidi ya bati yenye florini) au AZO (oksidi ya zinki yenye aluminiamu). Maabara iko hapa kisiwani Mombasa na usiku kiyoyozi huzimwa, unyevu ukaingia. Kila mtu asema "chagua yenye punje kubwa za fuwele". Ni kweli?

Maalim_Omu
Nusu kweli. Ukinzani kwa mraba ni ukinzani mahususi ukigawanya kwa unene. ITO iliyofuwelika vizuri ina kama 1.5×10⁻⁴ omu-sentimita, kwa hivyo utando wa nanomita 150 wakupa omu 10. ITO hiyohiyo ikipakwa juu ya kioo baridi haina mpangilio wa fuwele, na ukinzani huwa mara tatu au nne ya huo.

Lakini mipaka ya punje siyo yenye lawama hapo. Elektroni zikiwa kama 10²¹ kwa sentimita ya ujazo, kila moja husafiri nanomita chache tu kabla ya kugonga ayoni ya bati, ilhali punje ina nanomita 20 na zaidi. Hugonga ndani kabla haijaufikia ukuta. Faida kubwa ya fuwele ni kwamba bati likikaa pahali pa indiamu hutoa elektroni moja ya ziada. Pasipo mpangilio, bati jingi lakaa bure.

AZO ndiyo yenye taabu ya mipaka. Elektroni ni chache zaidi, punje zake za heksagoni husimama wima kama mabua, na unyevu hupita kati ya mabua ukanasa elektroni. Kwa hewa ya Mombasa, AZO isiyofunikwa ni kujitafutia kazi.

Tanuri450
Chukua FTO, yakhe. Yatengenezeka hapohapo kwa kupuliza dawa juu ya kioo cha moto.

Gramu 7 za kloridi ya bati ya nne (yenye maji matano) katika mililita 90 za ethanoli. Gramu 0.37 za floridi ya amoniamu uziyeyushe kwanza kwenye mililita 10 za maji, ndani ya kopo la plastiki kwa sababu floridi hula kioo, kisha uchanganye. Kioo kikae nyuzi 450, ukipime juu ya uso wake, si kwenye bamba la chini. Puliza sekunde moja, ngoja 30, rudia hadi unene ufike kama nanomita 500. Chini ya kofia ya moshi (kifaa cha kuvuta mvuke nje), tafadhali: mvuke una asidi ya kloridi na ya floridi.

Wengi huharibu kwa kupuliza mfululizo. Mkondo wapoza kioo hadi nyuzi 350, klorini yabaki ndani, fuwele zadumaa, utando wawa mweupe kama maziwa na mita yasoma mamia ya omu. Ukizidisha moto nao, dawa huungua hewani ikaanguka kama unga.

Bint_Fizikia
Umesahau sodiamu. Kioo cha kawaida cha dirisha kikifika joto hilo hutoa sodiamu, nayo hupanda hadi kwenye utando na kuharibu upitishaji. Weka kwanza tabaka jembamba la silika (oksidi ya silikoni), au nunua kioo kilichowekwa tayari.

Pia kama seli zenu zina titania (oksidi ya titani) ya kuchomwa nyuzi 450 hewani, ITO haifai. Oksijeni huziba nafasi zilizo wazi kwenye kiunzi na ukinzani wapanda. FTO yavumilia.

Kioo_Likoni
Ndiyo, titania ipo. Na kama tungetumia ITO kwa kazi nyingine, yachomwe vipi?

Maalim_Omu
Nyuzi 250, nusu saa hadi saa, kwenye ombwe au naitrojeni. Lakini kama mwachora njia za umeme kwa asidi, choreni *kabla* ya kuchoma. ITO isiyofuwelika huyeyuka kwa asidi oksaliki. Ikishafuwelika yataka asidi kali ya kloridi, tena kwa shida.

Pwani_Nano
Ubishi kidogo, maalim: IZO, yaani oksidi ya indiamu na asilimia 10 ya zinki, haina fuwele kabisa na bado hufika omu-sentimita 3–4×10⁻⁴.

Maalim_Omu
Sahihi, nayo yaunga mkono hoja. Obiti ya 5s ya indiamu (eneo la elektroni zake za nje) ni duara kubwa, hukutana na jirani yake hata pembe zikiwa ovyo. Na elektroni za IZO hutoka zaidi kwenye upungufu wa oksijeni, hazingoji bati likae sawa.

Bint_Fizikia
Kupima: ncha nne katikati ya kipande, volti gawanya kwa ampea, zidisha kwa 4.53. Multimita ya ncha mbili husoma na ukinzani wa mguso, msiiamini. Fuwele mkizipima kwa eksirei ya shaba, kilele cha ITO kiitwacho (222) kiko karibu na pembe ya digrii 30.6. Mkiona kilima kipana tu, haijafuwelika.

Kioo_Likoni
Basi ni FTO juu ya silika. Kofia ya moshi tunayo, lakini feni yake yavuta kwa kusuasua. Hiyo itatengenezwa kwanza.