Naomba ushauri: kipimo cha siki kwa akina mama waliokoma hedhi

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi.

Kliniki yetu inachunguza dalili za awali za saratani ya mlango wa kizazi kwa siki ya asilimia 5. Tunapaka kwa pamba, tunasubiri dakika nzima, kisha tunatafuta weupe mzito wenye kingo zilizo wazi, ambao huashiria seli zilizoanza kubadilika. Kwa wenye miaka 30 hadi 45 kazi inakwenda vizuri.

Tunakwama kwa waliokoma hedhi. Mpaka wa seli, yaani pale seli za nje na za ndani za mlango wa kizazi zinapokutana, umeshaingia ndani ya mfereji wa mlango huo, hatuuoni. Hapo kukosa weupe hakumaanishi mama yuko salama, kwa sababu sehemu yenyewe inayoshambuliwa hatujaiona! Inaniumiza kumwambia mtu "uko sawa" kwa jibu la namna hiyo.

Tumebadilisha taa, tumejaribu kufungua mdomo wa mfereji taratibu kwa kijiti cha pamba, na wenye maambukizi tumewatibu kwanza. Hali ni ileile. Tiba ya joto, ya kuunguza seli zilizobadilika, nayo haifai pale kidonda kinapozama kwenye mfereji.

Sasa tunafikiria kipimo cha HPV (kirusi kinachosababisha saratani hii), mama ajichukulie sampuli ukeni mwenyewe. Naomba kujua:

1. Mnaotumia mashine ya GeneXpert (inayopima vinasaba vya vimelea) pamoja na watu wa kifua kikuu, mmegawanaje siku ili majibu yasichelewe?

2. Akikutwa na HPV 16 au 18 (aina hatari zaidi) na mpaka hauonekani, mnampa rufaa ya kolposkopi (kuchunguza mlango wa kizazi kwa darubini) moja kwa moja, au mnaanza na siki?